Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi: Mikoko ya Jirani Yetu, Mikindani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazee wa mtaa, viongozi wa dini, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Sisi wanachama wa Klabu ya Mazingira ya shule hii, iliyopo hapa Mikindani katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, tuna furaha kubwa kukukaribisha katika maadhimisho ya Siku ya Kimataifa ya Kuhifadhi Mikoko, ambayo UNESCO iliipitisha mwaka 2015 na ambayo huadhimishwa kila ifikapo tarehe 26 Julai. Tunakushukuru kwa namna ya pekee kwa kukubali kufika mapema, wakati sherehe nyingi za shule huanza jua likiwa limeshapanda. Saa ya leo imepangwa na bahari. Mwezi ndio kwanza unaandama, kwa hiyo leo ni bamvua, na kama wavuvi wa ghuba hii wanavyojua, siku za mwezi mchanga na za mwezi mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, nayo hufika mwisho wa kupwa kuelekea katikati ya asubuhi. Juma moja kutoka sasa, mwezi ukiwa nusu, yatakuwa maji mafu, ambayo hayatoki vya kutosha kumwezesha mtu kuingia katikati ya mikoko bila kulowa. Aidha, kupwa na kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo ziara iliyofanyika vizuri Jumatatu haiwezi kurudiwa saa ileile siku ya Ijumaa. Kwa sababu hiyo ziara zetu zote za mwaka zimeandikwa kwenye kalenda ya ukutani yenye alama za mwezi pembeni ya tarehe, na tunawashukuru walimu wa vipindi vya asubuhi ambao wameizoea kalenda hiyo na kutuvumilia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, eneo tunalolizungumzia ni dogo. Mtu akitoka kwenye lango la shule kwa miguu, akavuka barabara kuu iendayo Lindi, akashuka kwa kijia kinachopita kati ya minazi, hufika ukingoni mwa mikoko kabla ya robo saa kwisha. Hakuna lango, hakuna kiingilio, wala hakuna bango linalomwambia mpita njia kwamba amefika mahali penye jina. Hata hivyo hiyo ni hifadhi kwa maana kamili ya neno hilo. Misitu ya mikoko ya pwani ya Tanzania Bara iliwekwa kuwa hifadhi tangu wakati wa ukoloni, mwaka 1991 Serikali ikaitayarishia mpango wake maalumu wa usimamizi, na leo inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kiasi kwamba mti haukatwi humo pasipo kibali. Wengi wetu tumezaliwa na kukulia hapa bila kulijua jambo hilo. Kwetu pale palikuwa ni topeni tu, mahali ambapo mama alimkataza mtoto kwenda na nguo za shule.

Kila mwaka shule huzungumzia safari ya kwenda kuona wanyama katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, nasi tunaitamani kama wanafunzi wote wanavyoitamani. Lakini kutoka hapa hadi Mikumi ni zaidi ya kilomita 700, na michango ya safari hiyo hupatikana kwa wanafunzi wachache, kwa mara moja, kwa siku mbili. Hata Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 katika mkoa huuhuu wetu, inahitaji gari na mafuta. Mikoko ya jirani tunaifikia kwa miguu, tunaifikia tena mwezi ujao, na anayekosa leo kwa homa atakwenda bamvua lijalo. Ni kwa kurudi mara nyingi mahali pamoja ndipo tulipoanza kuona. Mara ya kwanza kila mmoja wetu aliona tope na miti ya kijani inayofanana.

Aliyetufumbua macho ni bibi mmoja wa mtaa huu, ambaye yupo pamoja nasi asubuhi hii, na ambaye tangu usichana wake huingia humo kuokota tondo, wale konokono wa topeni, na kutanda uduvi, yaani kamba wadogo sana, pamoja na wenzake. Siku ya kwanza alitusikiliza tukisema mikoko, mikoko, kisha akatuuliza: "Wajukuu zangu, na mkoko wenyewe ni upi?" Hatukuweza kujibu. Akatuongoza kutoka ukingo wa bahari kurudi nchi kavu, akigusa kila mti na kuutaja. Unaotangulia mbele, ukipigwa na mawimbi, ni mlilana, ambao maua yake meupe huchanua usiku na asubuhi tunayakuta yamekwisha dondoka juu ya tope. Nyuma yake upo mkoko wenyewe, uliosimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Kisha msinzi, ambao mizizi yake huchomoza na kuinama kama magoti ya mtu aliyeketi, na mkandaa, mti mfupi ambao wazee walitumia magome yake kupata rangi nyekundu. Mkomafi huzaa tunda la mviringo, zito, lenye mbegu zenye pembe zilizobanana vizuri mno hivi kwamba ukizitoa huwezi kuzirudisha zikaenea. Wa mwisho ni mchu, ambao tunaukuta mbele na tena nyuma kabisa, karibu na nchi kavu. Pwani ya Tanzania ina aina 10 za miti ya mikoko. Hapa kwetu tumethibitisha hizo sita. Majina hayo yote ni ya Kiswahili, na mabaharia na wajenzi wa pwani hii waliyatumia zamani sana kabla ya vitabu vya shule, lakini sisi wenye lugha tulikuwa tumebakiwa na moja.

Tunaomba tukueleze kuhusu jani la mchu, kwa sababu ndilo lililowafanya wanachama wetu wengi wajiunge na klabu. Asubuhi ambayo haikunyesha mvua, ukichuma jani hilo na kulitazama kwa karibu, utaona juu yake punje ndogo zinazong'aa kama sukari. Ukilamba, ni chumvi. Mchu hufyonza maji ya bahari, ukatumia maji na kuisukuma nje chumvi iliyopenya mizizini kupitia tezi ndogo zilizomo katika majani yake. Mkoko ulio hatua chache kutoka hapo umechukua njia nyingine: sehemu kubwa ya chumvi huizuia mizizini isiingie. Miti miwili inakunywa bahari ileile, kila mmoja na hila yake. Mwalimu wetu wa Biolojia alikwisha kutufundisha somo la upenyaji wa maji katika chembehai kwa kutumia viazi na chumvi ya mezani, nasi tuliandika na kufaulu mtihani, lakini ukweli ni kwamba tulielewa siku tulipolamba lile jani.

Kuzunguka mchu utaona vijiti vingi vilivyosimama wima kutoka kwenye tope, vyembamba kama penseli. Hivyo ni mizizi, nayo hupumua. Tope la mikoko halina hewa ndani yake, hivyo mti hulazimika kuinua mizizi yake juu ili ipate hewa maji yanapokupwa. Harufu kama ya yai viza ambayo mgeni huisikia na kudhani ni uchafu hutokana na vijidudu vinavyoozesha majani ndani ya tope hilo lisilo na hewa. Majani hayo yaliyooza polepole ndiyo chakula cha kaa na uduvi, na hao ni chakula cha samaki wachanga ambao hujificha kati ya mizizi ya mkoko mpaka wakue na kutoka kwenda baharini. Samaki anayeuzwa sokoni Mtwara Mjini huenda utoto wake ulipita pale penye harufu.

Zipo pia mbegu za mkoko, ambazo huota zingali mtini. Mche mrefu wa kijani, wakati mwingine mrefu kuliko mkono wa mtoto kutoka kiwiko hadi vidole, huning'inia chini ya tawi kwa miezi kadhaa ukilelewa na mama yake, kisha huanguka. Ukiangukia tope wakati maji yamekupwa, unaweza kusimama palepale. Ukiangukia maji, huelea na kusafiri, na unaweza kuota mbali na ghuba hii.

Jambo hilo la mbegu ndilo lililotuletea kosa ambalo tunaona ni wajibu kulieleza mbele yako. Miaka miwili iliyopita tulipanda miche ya mkoko zaidi ya mia mbili kwenye mchanga ulio wazi, mbele ya mililana, ili ufuo wote uwe wa kijani. Tulifanya kazi hiyo kwa moyo, tukaimba, tukapiga picha. Baada ya miezi minne hapakubaki hata mche mmoja. Mawimbi yaliing'oa na mingine ilikauka imesimama. Tulihuzunika sana, na baadhi ya wenzetu waliacha klabu. Tulipokwenda kumweleza bibi, alisema pale hapajawahi kuwa na mti tangu yeye akiwa mtoto. Hatukuwa tumemuuliza. Wataalamu wa mikoko nao husema kwamba mahali ambapo miti haioti yenyewe sharti kwanza itafutwe sababu, na kwamba mara nyingi mikoko ikiachwa bila kukatwa wala kukanyagwa, na maji yakipita bila kuzuiwa, bahari huleta mbegu na kuzipanda bila msaada wa mtu. Tangu hapo tumebadili kazi yetu. Nyuma ya minazi palikuwa na njia ya mkato iliyotumiwa na wakata kuni. Kwa kukubaliana na mtaa tumeifunga, na ndani ya misimu miwili ya mvua machipukizi ya mkandaa na mchu yameota pale kwa wingi. Hatukupanda hata moja. Kazi yetu ni kuyahesabu kila bamvua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuwezi kuzungumzia kukata bila kukiri kwamba mji huu umejengwa kwa mikoko. Ndani ya nyumba za mawe za zamani za pwani, Mikindani ikiwamo, dari zimebebwa na boriti, yaani nguzo za mikoko, na vyumba vyake vimekuwa vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti iliyopatikana. Jahazi zilipakia boriti kutoka pwani hii na kuvuka nazo hadi Arabuni. Mashua zetu zilipata mataruma yake, yaani mbavu zake, humo, na tanuri za chokaa zilipata kuni humo. Kwa hiyo hatumnyooshei kidole jirani anayehitaji nguzo ya kibanda. Tunachoomba ni kwamba afahamu kibali hutolewa wapi, na kwamba eneo hili dogo la karibu na shule liachwe lipumzike, kwa kuwa ni dogo mno kuweza kuhimili panga. Tena sisi tulio pwani ya kusini hatuna haja ya kufundishwa na mtu wa mbali thamani ya miti inayovunja nguvu ya mawimbi. Aprili 2019, wakati kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, Mtwara nzima ilikuwa katika tahadhari, na tarehe 25 kilipiga upande wa pili wa Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji. Tulikuwa watoto wadogo, lakini tunakumbuka wazazi wetu wakitazama bahari.

Linalotuumiza zaidi kwa sasa ni taka. Mvua za masika zinaponyesha, mfereji unaopita kando ya barabara huteremsha chupa za plastiki, nepi na viatu vibovu moja kwa moja hadi kwenye mizizi ya mchu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na kweli imepungua, lakini vifungashio vingine vimechukua nafasi yake. Plastiki ikilala juu ya ile mizizi ya kupumulia, mti hukosa hewa. Tunaokota kila bamvua, tunajaza viroba, tunaviweka kando ya barabara, na zipo nyakati ambapo viroba hivyo hukaa juma zima bila kuchukuliwa mpaka mbuzi wakavipasua na taka zikarudi zilikotoka.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo limetufanya tukuandikie barua ya mwaliko wewe, na si mtu mwingine.

Kalenda ya maji tuliyoitaja hapo mwanzo inatunzwa na mwenzetu wa Kidato cha Tatu anayetumia kiti mwendo. Yeye ndiye anayepiga hesabu ya bamvua na maji mafu kwa muhula mzima, na hajakosea hata mara moja; wapo wavuvi ambao sasa humpitia kumuuliza. Katika kila ziara tunakwenda naye mpaka kwenye mnazi wa mwisho, pale mchanga unapoishia na tope linapoanza. Hapo magurudumu hukwama. Yeye hubaki na darubini na daftari, akiandika tunayomtajia kwa sauti kutoka ndani: mdiria mmoja, kulastara wawili, yangeyange saba, kaa wenye mkono mmoja mkubwa wengi wasiohesabika, samaki wadogo warukao juu ya tope. Orodha yote ya viumbe ya klabu yetu, ambayo utaiona katika meza ya maonyesho, imeandikwa kwa mkono wake, na viumbe vingi vilivyomo yeye hajaviona. Mwaka jana tulimbeba mgongoni tukaingia naye hatua kama thelathini. Tulidhani tumemfurahisha. Alipotoka alitushukuru, kisha akatuambia kwa upole kwamba asingependa kubebwa tena, kwa sababu anayebebwa huona mgongo wa aliyembeba. Alitaka kusimama mahali kwa muda wake mwenyewe, kimya, asikie ule mlio wa tope likipasukapasuka maji yanapotoka, ambao tumemsimulia mara nyingi.

Naye si peke yake. Bibi aliyetufundisha majina magoti yake hayamruhusu tena kuingia mbali, na wanafunzi wa darasa la awali katika shule ya msingi jirani hawaruhusiwi kwa hofu ya kuzama kwenye tope. Mahali ni pa karibu kwa kila mtu, lakini hatua mia za mwisho ni za wenye miguu yenye nguvu tu.

Tunaomba ijengwe njia ya mbao juu ya tope, kuanzia mnazi wa mwisho hadi chini ya mikoko mikubwa, urefu wa mita 80, upana wa kutosha viti mwendo viwili kupishana, na kingo za pembeni ili gurudumu lisiteleze. Mbao zipangwe karibukaribu kwa ajili ya magurudumu, na njia iinuliwe juu ya nguzo ili maji na kaa wapite chini kama walivyozoea. Tunasisitiza kwamba nguzo hizo zisitokane na mikoko. Mwishoni pawe na jukwaa dogo lenye benchi, na katika kila mti tuliousema pawekwe kibao chenye jina lake la Kiswahili; vibao hivyo tutaviandika wenyewe, na bibi amekubali kuvisahihisha. Njia za namna hii zipo pwani yetu hii hii ya Waswahili. Unguja, katika Hifadhi ya Jozani, wageni hutembea juu ya mbao kati ya mikoko. Huko Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, kinamama wa kijiji wana njia yao ya mbao na hupata kipato kwa kuwatembeza wageni, na kijiji hicho kupitia mradi wa Mikoko Pamoja huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao, yaani hulipwa kwa kuitunza mikoko inayoihifadhi hewa hiyo, fedha zikaingia katika maji na shule. Mafundi wa mashua wa Mikindani wanajua kuunga mbao inayokaa kwenye maji ya chumvi miaka mingi, na wawili kati yao wametuahidi kazi ya mikono bila malipo. Kinachokosekana ni mbao, misumari isiyoshika kutu, na barua ya kibali kutoka kwa wasimamizi wa msitu, ambayo sisi wanafunzi hatuna uzito wa kuipata peke yetu. Tunaomba pia chombo cha kukusanyia taka pale mfereji unapoingia ufukweni, pamoja na siku maalumu ya gari kuja kukichukua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maji yanakaribia mwisho wa kupwa, na chakula ambacho wazazi wetu wamekiandaa kitasubiri. Viatu vya mpira vya saizi mbalimbali vimepangwa chini ya mwembe. Mwenzetu mtunza kalenda ametangulia na yuko kwenye mnazi wa mwisho na daftari lake. Tunaomba uanzie kwake, akueleze yaliyomo humo ndani kama alivyoyaandika, kisha uingie nasi, na utakapotoka umweleze yeye ulichokiona.

Tunaomba kuwasilisha.

Klabu ya Mazingira,
Mikindani, Mtwara.